Mkalimani wa Guangzhou anayekuambia hata yale wanayoongea pembeni

Kwa wale mnaofuata mzigo China ambao mmekuwa mkiniuliza huyu mkalimani niliyekuwa naye Guangzhou anafaa au hafai, jibu ni anafaa sana na safari ijayo namchukua tena. Ila naomba nieleze sababu vizuri, maana sio kwamba anajua Kichina kuliko wote, wanaojua Kichina kule wamejaa, ukishuka tu Xiaobei, ule mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, unakutana na vijana kibao dada njoo nikutafsirie, dada mimi nakufikisha mpaka kiwandani. Huyu namsifia kwa kitu kimoja ambacho kwa wengine sijakiona, kila linalosemwa mbele yako analileta kwako, hata lile ambalo mwenye duka hakutaka ulisikie.

Mnaojua mnajua. Umesimama kaunta, hela ni yako, umekopa benki na umecheza vikoba mpaka ukaipata, mbele yako watu watatu wanaijadili hiyo hela kwa lugha usiyoielewa hata silabi moja, wewe unabaki kusoma nyuso. Akicheka unajiuliza kacheka nini, akimwita kijana wa stoo unajiuliza kamtuma nini. Alafu anakuandikia namba kwenye kalkuleta anakusogezea, na hapo ndo unaambiwa tumeelewana.

Sasa kuna jambo wageni wengi wa China hawalijui na mimi pia mwanzo sikulipa uzito, Kichina sio lugha moja. Kuna Kimandarini, kile cha shuleni na serikalini, ndicho kinafundishwa hata kwetu UDSM na UDOM kwenye zile Taasisi za Confucius, yani vituo vya lugha vya China, tangu 2013, na vijana wetu wengi waliosoma China wanakijua hicho. Alafu kuna Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou na Hong Kong, na hapa hatuongelei lafudhi, mtu wa Kimandarini tupu akisikia Kikantoni anaachwa kabisa. Ukienda soko la vitambaa la Zhongda wenye maduka wengi wametokea Chaoshan, yani kule Shantou na Chaozhou mashariki ya mkoa wa Guangdong, nao wana ya kwao ambayo hata Mkantoni haielewi. Pale jirani kijiji cha Kangle kwenye vyumba vya kushonea wamejaa watu wa mkoa wa Hubei na wao wana yao. Ukipanda mpaka Yiwu, mkoa wa Zhejiang, unakutana na wafanyabiashara wa Wenzhou ambao Wachina wenzao wenyewe wanakwambia wale wakianza kuongea sisi tunatoka mikono mitupu. Mimi ni wa Machame, hili nalijua tangu utoto, wote mnatuita Wachaga lakini niweke na Mrombo kila mtu aongee ya kwao uone kama hatujarudi kwenye Kiswahili.

Kwahiyo mwenye duka akishagundua mkalimani wako ni wa Kimandarini, anahama. Bei anakutajia kwa Kimandarini vizuri kabisa na tabasamu juu, alafu anageuka pembeni anamalizana na watu wake kwa lugha ya nyumbani, na mkalimani wako anakuwa kama wewe tu, amesimama.

Huyu dada ni Mtanzania, alienda kusoma akabakia kufanya kazi kule, Kimandarini anacho na Kikantoni amejifunzia sokoni na kwenye nyumba aliyokuwa amepanga. Kikantoni chake anasema mwenyewe sio cha kuongea redioni ila masikio yanakamata. Kichaoshan hajui, na siku ya kwanza kabisa kabla hatujatoka hoteli alituambia wazi, dada zangu wakihamia Kichaoshan mimi nitawaambia hapa sielewi, sitabahatisha. Nilimpenda hapo hapo, maana mkalimani anayebahatisha anakuingiza hasara huku unamshukuru.

Na kuna kitu anafanya ambacho ndo roho ya kazi yake. Kila duka tukiingia, kabla ya habari za bei, anamwambia mwenye duka kwamba mimi hawa nawatafsiria kila nitakachosikia humu ndani. Anasema kwa adabu, anamwita laoban kama wanavyoitana wao, yani bosi, anatabasamu, basi. Shoga yangu niliyesafiri naye alipinga, akasema si bora akae kimya awategee wasijue kama anaelewa? Mimi nikaona huyu binti yuko sahihi. Kwanza anarudi pale pale wiki inayofuata na wateja wengine, akijulikana anategea watu hakuna duka litamfungulia mlango. Pili mtu dukani kwake ana haki ya kuongea ya kwake, akitaka siri atoke nje au aende stoo, na kweli wapo waliotoka nje wakajadiliana wakarudi, hakuna aliyeumia. Tatu, na hili nimeliona kwa macho, bei zilikuwa zinanyooka mapema zaidi, maana mtu akishajua anasikika hapotezi muda kutunga.

Niwape mfano wa lililotokea Zhongda. Mimi nauza mapazia Kariakoo, tulikuwa tunatafuta blakauti, kile kitambaa kizito cha kuzuia mwanga, upana wa mita 2.8 kama kawaida ya kitambaa cha pazia, rangi ya kijivu na ya maziwa. Tumeshakubaliana bei ya mita, tumeshakubaliana uzito wa gramu, mwenye duka anapiga hesabu ya advansi. Katikati anageuka anamwambia kijana wake kitu, maneno machache tu, huku anaendelea kubonyeza kalkuleta. Huyu dada kwa sauti ile ile anayotafsiria kila siku, hakunong'ona wala hakunibana mkono, akasema dada amemwambia kijana wakati wa kupakia achanganye na majora ya bechi iliyopita, muulize kama rangi zinalingana.

Kama hamuuzi mapazia mnaweza kuona ni jambo dogo. Sio dogo hata kidogo. Kitambaa kinatiwa rangi kwa bechi, yani kwa mkupuo, bechi ya leo na ya mwezi uliopita zinaweza kuwa na jina moja na namba moja kwenye katalogi lakini rangi zikapishana kidogo, dukani kwenye taa huoni, mteja wako anashona dirisha la sebule kwa majora mawili, analitundika, jua la saa nne asubuhi linapiga pale unaona pande mbili ni za watu wawili tofauti. Anakuja dukani na pazia lake mkononi na wateja wengine wamejaa. Kontena limeshafika, hela imeshaenda, China utamrudishia nani?

Basi nikauliza. Mwenye duka alishtuka kidogo ila hakukasirika, akasema rangi ni ile ile. Tukaomba jora la kila bechi tukayatoa mpaka mlangoni penye mwanga wa nje tukayalaza pamoja. Ya maziwa kweli ilikuwa sawa, nisiwe mwongo, ukiangalia hutofautishi. Kijivu kilikuwa kimeingia ubluu, unakiona ukiwa umesimama mbali. Tukamalizana kwamba maziwa achanganye, kijivu kitoke bechi mpya yote hata kama tutasubiri, na namba za bechi ziandikwe kwenye oda. Hapa pia huyu dada alinifundisha jambo la maana, Wachina wakiongea wanapishana ila kwenye maandishi wanakutana, Mkantoni na mtu wa Beijing na wa Chaoshan wote wakiandika oda wanaandika Kichina kile kile, kwahiyo kila kinachosemwa kwa mdomo yeye anasisitiza kiingie kwenye karatasi, gramu, upana, bechi, tarehe, nani analipia usafiri mpaka godauni la kago. Karatasi haina lugha ya pembeni.

Simu? Nimejaribu programu za kutafsiri na bado natumia, kuuliza bei na kuuliza choo kiko wapi inatosha. Lakini zile zinatafsiri mtu anayeongea na simu, kwa utulivu, kwa Kimandarini. Watu wawili wanaoongea wenyewe kwa wenyewe haraka haraka kwenye kelele za Zhongda, mikokoteni inapita na majora, simu inakuletea vitu havieleweki.

Jambo lingine ambalo sikutegemea kulipenda kwenye huduma yake ni kwamba kutafsiri yote kunatuliza moyo. Tulikuwa kwenye duka la lesi, mama na mumewe wanaongea kwa hasira, kila baada ya sentensi mama anatuangalia sisi alafu anaongeza. Shoga yangu ameshachemka, ameshaamua tunatukanwa, anavuta begi aondoke. Huyu dada akasema wanabishana mtoto wao ana homa shule imepiga simu nani aende kumchukua, mama anamwambia mumewe si unaona nina wateja. Yani hiyo tu. Tukasema pole, tukamwambia baba aende sisi tunasubiri, mama akatulia, biashara ikaendelea vizuri na tumebadilishana mawasiliano mpaka leo namwagizia shia, kile kitambaa chepesi cha pazia kinachopitisha mwanga. Nikawaza ni mara ngapi tumetoka kwenye maduka tumenuna kwa maneno ya homa ya mtoto. Watu wengi wakiongea kwao mbele yako hawakusemi wewe, wanasema ya nyumbani kwao, na sisi tukiwa Kariakoo tunafanya hivyo hivyo mteja akiwa amesimama pale, nani kala nini, nani hajaja kazini.

Lakini yapo pia ya kuumiza na hapa alifanya kitu cha heshima sana. Siku ya kwanza alituuliza, yakisemwa maneno mabaya kuhusu rangi yetu mnataka niwaambie au niyaache yapite? Shoga akasema yaache, mimi nikasema niambie. Akakubali, akasema basi nitakuambia wewe pembeni tukishatoka, isipokuwa kama linagusa biashara. Na duka moja lilisemwa neno, tulipotoka akaniambia, nikaamua siweki oda pale. Uamuzi ulikuwa wangu, na hiyo ndo maana yangu, aliniambia kilichosemwa nikaamua mwenyewe. Wengine wanakuficha kwa kukuhurumia na wewe unarudi kumtajirisha mtu anayekudharau.

Sasa upande wetu, maana na sisi tuna ya pembeni. Wengi wetu tunadhani tukiongea Kiswahili mbele ya Mchina tuko salama. Jamani acheni. Pale Xiaobei wauzaji wanahesabu kwa Kiswahili, wanakwambia rafiki bei poa, miaka yote ile wateja ni Waafrika wamejifunza. Na China Kiswahili sio kigeni, redio yao ya kimataifa inatangaza Kiswahili tangu 1961 na vyuo vikuu vya Beijing vinakifundisha, kuna Wachina wanaongea Kiswahili cha kueleweka kuliko mimi ninavyoandika hapa. Bei yako ya mwisho usiitaje kwa Kiswahili dukani. Mimi na shoga tulikuwa tunaongea Kimachame, na hapo ndipo huyu dada aliponishangaza tena, alisema vizuri, ongeeni kwenu mnavyotaka, na bei yenu ya mwisho msiniambie hata mimi. Nikamuuliza kwa nini, akasema nikiijua uso wangu unaweza kuisema, alafu mkija kukosana na mwenye duka hamtakuwa na wasiwasi kwamba mimi nimeuza siri.

Fikirini mkalimani gani anakwambia hivyo.

Metro tukiwa tunaenda sokoni alitufundisha na vidole. Wachina wanahesabu moja mpaka kumi kwa mkono mmoja, sita ni kidole gumba na cha mwisho vimenyooka vingine vimekunjwa, nane ni gumba na shahada. Mnakuta mwenye duka anamuonesha mwenzake ng'ambo ya korido kidole tu, bei imeshapita juu ya kichwa chako na hakuna aliyefungua mdomo. Tangu nijue naangalia mikono kuliko midomo, na hili mnaweza kujifunza hata kabla ya kupanda ndege, ni bure.

Nigusie hili la cha juu, yani hela anayojiongezea mtu wa kati kwenye bei, kwa sababu ndilo linawamaliza watu. Kama Kariakoo kuna winga anayekupeleka dukani alafu bei inapanda kidogo kwa ajili yake, Guangzhou mkalimani anaweza kuwa ndiye winga wako na hujui. Huko nyuma niliwahi kutumia mtu mwingine, simtaji, anaingia dukani anaongea na mwenye duka mda mrefu wanacheka wanapigana mabega, mimi nimesimama, alafu ananigeukia anasema amesema haipungui. Maongezi yote yale yamezaa maneno mawili. Baadaye nikaja kujua ile bidhaa duka la jirani ilikuwa chini na yule alikuwa anawekewa fungu lake kwa kila mita. Lugha uliyomlipa akusaidie nayo ndiyo aliyotumia kupanga bei yako, mbele yako, mchana kweupe. Huyu dada wa sasa hachukui kitu dukani, na hakuombi umuamini kwa maneno, njia yake ni kwamba haongei sentensi mbili na mwenye duka bila kukugeukia. Sentensi, anageuka. Sentensi, anageuka. Kuna wakati inachosha, mnaweza kuona mnachelewa, lakini hakuna nafasi ya fungu kuingia hapo katikati. Na makubaliano yakiisha anafungua kundi la WeChat la watu watatu, wewe, yeye na duka, hakuna ujumbe wa chemba kati yake na muuzaji kuhusu oda yako.

Mapungufu yapo na nayasema. Yeye hakubishanii bei. Ukitaka mtu wa kukupigania, kugonga meza, kujifanya anaondoka, huyo sio yeye, atatafsiri ukali wako kama ulivyo na upole wako kama ulivyo, kwahiyo kama hujui kubishana utalipa bei ya asiyejua kubishana. Kwa mtu wa safari ya kwanza ambaye hata viwango vya bei hana hii inaweza kumuumiza, ningemshauri aende na mwenzake mzoefu. Hafanyi ukaguzi wa mzigo kiwandani, hiyo utafute mtu mwingine, na Foshan, mji wa jirani, kwenye vigae na samani anaenda ila maneno ya ufundi ya vigae anauliza uliza, alikuwa mkweli kwamba fani yake ni nguo na vitambaa. Kichaoshan nimeshasema hana, na pale Zhongda hilo ni pengo kubwa, kuna maduka mawili matatu tuliachwa wote, alichofanya ni kumwambia mwenye duka kwa upole tafadhali rudi Kimandarini tuelewane, wengine walirudi wengine hawakurudi. Wale ambao hawakurudi sikununua kwao, huo ni uamuzi wangu tu, sio kwamba walikuwa na ubaya. Alafu anatembea haraka jamani, mwenye magoti mabovu amwambie mapema.

Bei yake kwangu ilikuwa yuan 500 kwa siku, chakula cha mchana na nauli ya metro juu yako. Pale Xiaobei utapata wa chini ya hapo, wengine watakwambia hata usilipe, lipa ukipenda. Huyo wa usilipe ndiye wa kumuogopa kuliko wote, maana hakuna anayezunguka Zhongda kutwa nzima bure, analipwa na mtu na wewe hujui ni nani. Kwa mzigo wangu wa kijivu peke yake hela yake ilirudi.

Kumpata, anapokea kwa kujuana, mtu aliyewahi kufanya naye kazi anakuunganisha, mwenye nia kweli aniambie nitamuuliza yeye kwanza kama ana nafasi. Msimtafute dakika za mwisho kipindi cha Maonesho ya Canton, yale makubwa ya biashara pale Guangzhou, ya mwezi wa nne mpaka wa tano na ya wa kumi mpaka wa kumi na moja, anakuwa ameshachukuliwa na hoteli zenyewe zinapanda bei. Mwaka Mpya wa Kichina pia msiende kabisa, kati ya Januari na Februari viwanda vinafungwa wiki kadhaa na watu wanarudi mikoani kwao. Mweleze mapema unanunua nini na kiasi gani, anakuja na majina ya vitambaa ameshayaandika kwa Kichina kwenye kidaftari, na malipo yake ni jioni ya kila siku, halimbikizi, asubuhi mnaanza hamdaiani.